Simu ilale sebuleni: majibu ya maswali yenu

Mengi yaliyoingia safari hii ni ya kupumzika simu na mitandao, na mengi yanafanana, nimechagua haya.

Nataka nifute app zote mwezi mzima. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Usianze na mwezi, mdogo wangu. Watu wanaaga kabisa kwenye status, siku ya tatu unawakuta online saa nane usiku wanachungulia nani kasema nini. Anza na usiku. Simu ilale sebuleni kwenye chaji, we chumbani, na usiniambie habari za alamu, saa ya mezani yenye kengele hata wamachinga wanauza. Nalisema hili kila mara na sitaacha, maana wengi mnaoniandikia hamlali, na mtu asiyelala hata ufute app zake zote kesho anazirudisha.

App gani nzuri ya kupunguza matumizi ya simu?

Jamani, tena? Unayo tayari, Android na iPhone wameiweka kwenye settings tangu 2018, ila haitakusaidia kitu kama simu haitoki mkononi.

Bando likiisha huwa nakaa hata siku mbili bila mtandao. Si inatosha?

Hapana. Hiyo ni njaa, sio kufunga, muda wote unawaza utatoa wapi jero ujiunge. Pumzika bando likiwepo.

Naingia kuangalia video dakika tano nashtuka masaa mawili yamepita. Nina tatizo?

Usijilaumu. Ule ukurasa usioisha, unasukuma kidole tu na vitu vinazidi kuja, ulibuniwa na mbunifu wa programu, Aza Raskin, mwaka 2006 na mwenyewe alishasema hadharani anajuta. Zamani ulikuwa unafika chini, unabonyeza ukurasa wa pili, na hapo akili inapata nafasi ya kujiuliza niendelee au nikalale. Nafasi hiyo wameiondoa, irudishe mwenyewe: toa app, uwe unaingia kwa browser na kuandika password kila mara. Na nyie wa kubeti na mikopo ya kwenye simu, hizo app sizungumzii kupumzika, futeni kabisa.

Mwanangu ana mwaka na nusu, hali bila katuni. (Mama, Tabora)

Mama nitasema wazi hata kama utakasirika. Mwongozo wa WHO wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Siku za mwanzo atalia na kugoma, vumilia, kaa naye ale huku mnaongea, ukiona uzito unashuka nenda kliniki. Ila we na baba yake simu zenu ziwe mbali wakati wa kula, hamuwezi kumwachisha kitu mlichokishika nyie. Na dada wa kazi mwambieni hivyo hivyo, msimwachie tablet ndo iwe yaya.

Nauza vitenge Kariakoo, nikizima simu nakosa hela.

Usizime dada. Laini yako hamishia kwenye kitochi jioni, utapigiwa na M-Pesa utaipata kwa *150*00# bila bando. WhatsApp Business ina ujumbe unaojibu wenyewe, upange kuanzia saa mbili usiku, ila smartphone iache na intaneti ya laini nyingine la sivyo ujumbe hautoki. Kitenge kinaweza kusubiri asubuhi.

Bosi anatuma kazi kwenye group saa nne usiku.

Ufaransa wana sheria ya hili tangu Januari 2017, na Kenya mswada wa namna hiyo ulifika Seneti mwaka 2022. We usisubiri sheria. Mfuate ana kwa ana, sio kwenye group, mkubaliane kwamba cha dharura anapiga na kingine kinangoja asubuhi, halafu group lizime sauti. Na kama ni wewe bosi unasoma hapa, andika usiku ukitaka lakini tuma saa mbili asubuhi, huyo unayemwamsha ana watoto na ana usingizi wake.