"Haujui" au "hujui"? Wimbo wa kuchekesha na somo la sarufi

SWALI: Nafundisha darasa la sita hapa Ujiji. Wanafunzi wangu kutwa wanaimba video ya kuchekesha inayomcheka mtu anayesema "haujui" badala ya "hujui". Mwenzangu anadai nyimbo hii inatosha kuwa somo la sarufi. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, inasaidia, ila haitoshi. Mtoto aliyeimba "hujui" mara arobaini atashtuka akisikia "haujui", kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye dagaa. Hiyo ni faida kubwa, na darasani huipati kwa kukariri jedwali.

Lakini kwanza sikiliza kiitikio. Kinachobaki kichwani ni kiitikio, na video nyingi za aina hii huliweka kosa hapohapo kwa sababu ndilo linalochekesha. Mtoto wa jirani yangu alikuwa akiosha vyombo huku akiimba wimbo wa namna hiyo. Nikamuuliza lipi ni sahihi. Akanijibu lile kosa, bila kusita. Ndilo alilokuwa akiliimba.

Tena muziki una mahitaji yake. "Hujui" ina silabi tatu, "haujui" nne. Mdundo ukitaka nne, msanii ataongeza. Washairi wetu wana jina la kurefusha neno hivyo ili mizani itoshe: mazida. Ni ruhusa ya mshairi, si kanuni ya kumfunzia mtoto.

Sasa kanuni yenyewe, maana wimbo hauielezi. Katika kuyakinisha, "wewe unaenda" na "mtumbwi unaenda" vinafanana kabisa. Tofauti hujitokeza tunapokanusha. Ha- ikikutana na u- ya nafsi ya pili, ile a hudondoka: wewe huendi. Ikikutana na u- ya mtumbwi, mti au mkate, a hubaki: mtumbwi hauendi. Kwa hiyo mtoto anayesema "wewe hauendi" si mzembe. Ameona u- mbili zinazofanana akazipa kanuni moja. Mwambie hivyo, utaona anavyotega sikio.

Kisha uache wimbo uwafikishe mlangoni, ndani muingie wenyewe. Wabadilishe nomino kwa sauti ileile: wewe huendi, mtumbwi hauendi, jahazi haliendi, meli haiendi, vyombo haviendi. Atakayeweza kubadili bila kukwama ameijua sarufi. Asiyeweza, bado ana wimbo tu.

Jambo moja linanisumbua. Mwaka 2014 Mmarekani "Weird Al" Yankovic alitoa wimbo wa kuchekesha kuhusu makosa ya Kiingereza. Walimu wengi waliupenda, lakini baadhi ya wanaisimu walilalamika kwamba unawadhihaki wanaokosea, naye aliomba radhi kwa neno moja lililowaumiza watu wenye ulemavu. Darasani kwako wapo watoto waliolelewa kwa Kiha, na Kiswahili wamekikuta shuleni. Wakichekwa leo, kesho hawanyooshi mkono. Wacheke kosa, asichekwe mtoto.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu sarufi, niruhusu nikurekebishie neno lako moja: "nyimbo hii". Ukiwa mmoja ni wimbo huu. Nyimbo hizi ni nyingi. Ndivyo ilivyo kwa uso na nyuso, uzi na nyuzi. Ukitaka mfano ambao watoto wa ziwani hawatausahau, tumia wavu: mmoja ukichanika, wavu huu umechanika, zote zikichanika, nyavu hizi zimechanika.