Saa moja ya darasa la upasuaji isiishie kwenye slaidi

Ukifundisha madaktari wanaosomea upasuaji hapa Nairobi, kabla hujawasha projekta watazame macho. Baadhi wametoka zamu ya usiku. Mmoja amemwacha mgonjwa thieta, mwingine anangoja simu ya idara ya dharura. Hao ndio unaotaka kuwasomea slaidi 80 za saratani ya umio? Watatikisa vichwa, lakini si kwa kukubaliana nawe.

Wenzetu ng'ambo walilazimika kulifikiria hili mapema. Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka wa 2003, na mwaka wa 2009 madaktari walio mafunzoni Uingereza wakaingia kwenye saa 48 za sheria ya Ulaya. Walimu wakalalamika kwamba muda wa kushika kisu umepungua, kwa hiyo darasa lifidie. Kilio chetu ni tofauti kidogo: zamu bado ndefu, na kazi ikizidi, kinachokatwa kwanza ni darasa. Dawa, nionavyo, ni ile ile. Yaliyomo kitabuni yaache kitabuni, darasani wafanye maamuzi.

Chukua utumbo mpana uliojisokota, ugonjwa tunaouona sana Afrika Mashariki. Mhadhara wa kawaida huanza na anatomia, na kufikia matibabu muda umekwisha. Mimi huweka ukutani eksrei moja tu, ile yenye umbo la punje ya kahawa. Mzee wa miaka 70, tumbo limejaa tangu juzi, hapitishi choo wala hewa, na ni saa tisa usiku. Utafanya nini? Kila mmoja huandika jibu lake kwenye karatasi kabla ya yeyote kufungua mdomo, maana wa mwaka wa nne akishasema, wa mwaka wa kwanza hana tena maoni.

Kisha naongeza: tumbo limekuwa gumu, moyo unaenda mbio, homa imepanda. Bado utapitisha mpira kwenye njia ya haja kubwa ili utumbo ujifungue, au unaenda thieta? Hapo ubishi huwaka. Tukifika kwenye kukata, swali ni kuunganisha papo hapo au kuutoa mwisho wa utumbo nje ya tumbo kwa muda, na sasa inabidi waulize kama damu ipo, kama kuna kitanda cha wagonjwa mahututi, na nani atakayempa mgonjwa usingizi. Hili peke yake laweza kumaliza nusu ya kipindi. Liache limalize.

Wiki chache baadaye swali hilo mimi hulirudisha, safari hii mgonjwa akiwa mama mjamzito. Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia, walionyesha mwaka wa 2006 kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika 5 baada ya kusoma waliorudia ndio walioonekana bora. (Ndiyo maana mhadhara hudanganya: ukitoka mlangoni kila mtu anajiona ameelewa.)

Jihadhari na mtindo wa kuwatumia sura nzima wakasome nyumbani. Huko Marekani vipindi vya darasani huhesabiwa ndani ya zile saa 80, lakini kusoma nyumbani hakuhesabiwi, kwa hiyo idara yaweza kujisifu imetii kikomo huku mzigo umehamia kitandani. Mimi hutuma kurasa mbili tatu kwa WhatsApp, au sauti fupi ya kusikiliza kwenye foleni ya Thika Road. Asiyepata nafasi aje vivyo hivyo, karatasi itamwonyesha pengo lake.

Kushona na kufunga mafundo kuna mahali pake, si kwenye saa hii.

Lililo gumu zaidi ni simu. Daktari bingwa mmoja azishike simu zote za wanafunzi darasa likiendelea, aitike wodi mwenyewe. Mabingwa wenzangu hawalipendi pendekezo hili, na naelewa kwa nini, lakini bila hilo unafundisha viti. Ukikosa wa kukusaidia, fupisha kipindi kiwe dakika 40 mara tu baada ya ripoti ya asubuhi, kabla thieta haijaanza. Aliyekesha aende nyumbani bila kujieleza, eksrei na karatasi yake atazikuta kesho.