Mjukuu Anapochanganya Leo na Juzi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu ni Wahaya, ila tunaishi Kimara na nyumbani tunasema Kiswahili. Desemba tulikwenda Bukoba. Mwanangu wa miaka tisa alitaka kumweleza bibi yake kwamba asubuhi ile yeye na binamu zake walifunga mbuzi, akasema "tukakoma embuzi". Sebule nzima ikacheka. Bibi akasema mtoto huyu anasimulia habari za mababu. Tangu siku hiyo akisemeshwa Kihaya anajibu kwa Kiswahili. Mume wangu anasema lugha ikifika hapo imekwisha, bora tumwache. Je, sarufi ikiharibika namna hii ndiyo lugha inakufa?
Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Niwaeleze kwanza wenzako wasiojua Kihaya kwa nini watu walicheka. "Kukoma" kwa Kihaya ni kufunga kwa kamba. Kama mmefunga mapema leo, mnasema "twakoma". Kama ilikuwa jana, "tukomile". Kama ni juzi na kurudi nyuma, hata enzi za mababu, "tukakoma". Siku imo ndani ya kitenzi. Sisi wa Kiswahili yote hayo tunayatia katika -li- moja, kisha siku tunaitaja pembeni.

Sasa mtazame mwanao. Ile -ka- anaijua tangu anajifunza kusema: tulikwenda, tukawakuta, tukawafunga. Ni -ka- yetu ya kuendeleza masimulizi. Akaikuta na kwa Kihaya, akadhani ni ileile. Hilo si kosa la mtoto mzembe. Ametafuta njia ya kusema jambo alilokuwa na hamu ya kulisema, akatumia kifaa alichonacho.

Kuhusu kufa: sarufi kupungua peke yake si kifo. Kiswahili chenyewe kilikuwa na -ile kama hiyo ya "tukomile". Imo katika tenzi za kale, na Wabarawa wa Somalia wanayo hadi leo katika Chimiini, Kiswahili chao. Wengi wetu tuliiacha zamani, na Kiswahili hakikufa, kwa sababu watoto waliendelea kukipokea na kukisema. Hatari iko pale sarufi inapopungua ndani ya kizazi kimoja au viwili, ikifuata umbo la lugha inayoingia, huku watoto wenyewe wakinyamaza.

Mfano ninaoufikiria mara nyingi uko mbali, kaskazini mwa Queensland, Australia. Wazee wa Kidyirbal, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, waligawa majina katika mafungu manne, kama ngeli zetu. Bayi ni ya wanaume na wanyama wengi. Balan ni ya wanawake, maji, moto na mambo ya vita. Balam ni ya vyakula vya mimea, na bala ni ya vilivyobaki. Mwezi uko bayi na jua liko balan, kwa kuwa katika hadithi zao mwezi ni mume na jua ni mkewe. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza ngeli alijifunza na hadithi. Tena mtenda alibeba kiambishi mwishoni mwa jina lake, mara nyingi -nggu, kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyemfanyia mwenzake jambo. Ukishakuwa na kiambishi hicho, unaweza kumtaja kwanza anayepiga au anayepigwa, na hakuna atakayepotea.

Mwaka 1985 Annette Schmidt alichapisha utafiti wake juu ya Kidyirbal cha vijana wa kijiji cha Jambun. Kiambishi cha mtenda kilikuwa na sura kadhaa. Kwa baadhi ya vijana zilipungua, kwa wengine kiambishi kilitoweka kabisa na mpangilio wa maneno ukawa wa Kiingereza. Balam ikapotea. Balan ikarudi nyuma hadi kubaki ya wanawake tu, kana kwamba watu wamechukua "he", "she" na "it" za Kiingereza na kuzivika nguo za Kidyirbal. Lakini sehemu iliyonigusa kuliko zote ni hii: vijana wale walikuwa wanakosolewa na wazee kila wanapofungua mdomo. Wakaona afadhali waseme Kiingereza mbele ya wazee. Kidyirbal chao walibaki nacho wao kwa wao.

Sasa rudi kwenye sebule ile ya Bukoba.

Mtafiti wa lugha Nancy Dorian naye alianza mwaka 1963 kukaa na familia za wavuvi wa Sutherland, Scotland, katika vijiji vya Brora, Golspie na Embo, ambako Kigaeli kilikuwa kinaondoka. Aliwakuta watu aliowaita wasemaji nusu. Kigaeli kina njia nyingi za kufanya wingi: kubadili irabu ya ndani, kubadili konsonanti ya mwisho, kuongeza kiambishi. Wasemaji nusu hawakuzitupa zote, ila walizidi kuegemea ile nyepesi ya kuongeza kiambishi. Pamoja na makosa hayo walielewa kila kitu, walijua waseme nini na wanyamaze wapi, na jamii iliwahesabu kuwa wake. Wengi wao walikuwa na bibi au jamaa mzee waliyempenda sana. Ndiyo maana sikubaliani na mumeo.

Mimi mwenyewe, upande wa mama, bibi yangu alikuwa wa Bwiti, chini ya milima ya Usambara, akisema Kidaiso, ndugu wa Kikamba na Kikuyu aliyehamia Tanga. Mashangazi walinicheka nikiwa na miaka kama ya mwanao. Leo Kidaiso nakisikia, kukisema siwezi. Bibi aliponiita katika siku zake za mwisho nilimjibu kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mgeni. Hilo bado linaniuma.

Sasa tufanye nini? Jiulize mwanao anasikia Kihaya lini. Wiki mbili za Desemba, na mengi anayoambiwa ni njoo, kula, kaoge, msalimie babu. Amri na salamu. Kitenzi cha jana atakisikia wapi, ikiwa hakuna anayemuuliza jana alifanya nini? Sarufi hukaa katika mazungumzo yanayoihitaji. Mazungumzo yakiondoka, nayo huondoka, hata mtoto awe na akili kiasi gani.

Zungumza na mama mkwe wako, taratibu, mkiwa wawili, usimwaibishe. Alicheka kwa mapenzi, mtoto hakujua. Mwombe apige simu jioni, hata mara mbili kwa wiki, aongee na mjukuu wake tu. Amuulize ya leo, kisha ya jana. Mtoto akisema "tukakoma" kwa jambo la asubuhi, bibi asimsahihishe. Ampokee kwa furaha: "Mwakoma!", halafu aulize mbuzi alikuwa wa nani. Umbo sahihi limepita sikioni, na mazungumzo hayajakatika. Siku nyingine amsimulie utoto wake mwenyewe, humo -ka- ya Kihaya itasikika mahali pake.

Binamu nao waambiwe. Watoto wa rika moja hukata ulimi kuliko watu wazima.

Na mumeo, asubuhi akimpeleka mtoto shule, amuulize kwa Kihaya jana alicheza na nani. Ajibiwe kwa lugha yoyote, aulize tena kesho. Mkirudi kutoka Bukoba Desemba ijayo, niandikie mtoto alimweleza bibi nini. Niandikie kwa maneno yake mwenyewe, na makosa yake yote.