Wanaoumia ni sisi, wao wako kwenye sherehe

Swali lenu la wiki hii mmeuliza joto likipanda na shule zikikaribia kufunga, nyumbani nani anaumia zaidi, mtoto au mzazi. Sasa hilo nalo swali? Mzazi! Naandika hapa Dodoma, Novemba ndo kwanza imeanza, saa nane mchana, bati linaalika juu ya kichwa changu na nimeshakunywa maji mpaka tumbo linacheza, lakini wanangu watatu ukiwauliza kuhusu joto watakuuliza joto gani.

Wale wa Pwani mtulie kwanza maana nawajua, ninaye mmoja humu ndani. Baba yao ni mtu wa Tanga, alikuja huku ofisi yao ilipohamishwa serikali ilipohamia Dodoma, na kila mwaka ikifika Oktoba maneno ni yaleyale, eti hili si joto, joto liko kwao, mbona huku mtu hata jasho halimtoki. Baba Nyemo, linatoka, ila linakauka kabla hujaliona! Joto letu ni kavu, mchana nyuzi 31, 32, midomo inapasuka, pua zinauma, nguo ukianika saa nne saa tano unaanua ila umeanua na vumbi lake, na mvua usiitegemee mpaka huko mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ikiamua kuchelewa mnabaki kuangalia mawingu yanapita kwenda kwa wenzenu. Nafuu ni usiku, mji uko juu huu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua likizama upepo unakuwa mzuri kabisa. Nje lakini. Ndani tofali ndo zinaanza kutoa moto ziliokula mchana kutwa.

Mi kazi yangu ni cherehani, nashonea hapahapa nyumbani, barazani penye kivuli cha mwarobaini. Mafundi wenzangu mnajua kuanzia sasa hivi mpaka Januari hakuna kulala, watu wanataka gauni za Krismasi, wakitoka hapo wanataka sare za shule, na kila mmoja anataka yake Ijumaa. Na ndo kipindi hichohicho watoto wanarudishwa nyumbani wiki nzima nzima. Juzi nimempaka Kadogo mafuta ya mgando kwa ajili ya ule ukavu, ana miaka miwili, nikainama kidogo tu kuingiza uzi kwenye sindano, nageuka kopo liko tupu, mafuta yako kichwani, mgongoni, kwenye masikio, na mwenyewe keshashuka kujigaragaza uani kwenye vumbi, kawa andazi linalosubiri kuingia kwenye mafuta. Mafuta ya mgando hayatoki kwa maji ya baridi. Mjue hivyo.

Ila kisa cha mwaka huu kabisa ni cha kivuli. Nyemo yuko darasa la tatu, na mwalimu wao aliwaambia kwamba mwezi wa kumi jua linapita utosini kabisa kwa sisi tulio huku, mchana kivuli kinakuwa kifupi mpaka kinakaribia kuisha. Ni kweli lakini, maana Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta na jua likiwa linashuka kuelekea kusini linatukanyaga Oktoba, likiwa linarudi linatukanyaga tena Machi. Sasa Nyemo hakuishia kufurahi na elimu yake, ikabidi aonyeshe watu. Jumamosi moja kama saa sita na nusu akamsimamisha mdogo wake Babuu katikati ya uwanja, jua kali vile, akamwambia angalia chini, kivuli chako nimekichukua.

Babuu ana miaka mitano. Akaangalia chini. Akanyanyua mguu mmoja, akakuta kakivuli kadogo kamejibanza chini ya unyayo, akaushusha haraka kisikimbie. Akanyanyua wa pili. Halafu akapiga ukelele ambao nyumba ya tatu walitoka. Nampeleka barazani ananyamaza, akichungulia nje anaanza upya, anadai chake arudishiwe, na Nyemo amesimama pembeni na uso wa hakimu anamwambia nitakupa jioni ukinipa barafu yako. Na kweli jioni kivuli kikarudi, kirefuuu mpaka ukutani, na Babuu akalipa! Akatoa barafu ya ubuyu ya shilingi 200 kwa mkono wake mwenyewe na kusema asante dada. Nilijaribu kumwelewesha kwamba ni jua tu mwanangu, akaniangalia kwa huruma, kwamba mama naye hajui mambo.

Huyohuyo Babuu ndo ana sweta. Kama hujawahi kukaa Dodoma utashangaa sweta la nini, lakini Juni na Julai huku asubuhi kunapuliza upepo wa baridi mpaka meno yanagongana, kwa hiyo kila mtoto ana sweta la shule, la kwake la bluu nililishona mifuko mikubwa kwa mikono yangu. Wenzake wamevua tangu Agosti. Yeye Novemba hii analo, mpaka kola, kwapa limeloa, harara zimemjaa shingoni, ukimwambia vua anasema nasikia baridi mama, huku jasho linamdondoka puani (huyu wa kwake linaonekana kabisa). Poda inaisha, dawa ya harara inaisha, sweta liko palepale. Usiku analala nalo kalikunja chini ya kichwa. Sasa siku moja kalala fofofo nikalivuta taratibu nilifue, nikasikia linatoa sauti ya kayamba. Mifuko yote miwili imejaa mbegu za ubuyu, zilizokwisha kumung'unywa, kavu, na ndani yake nikakuta vifungo vyangu vya kanzu ya mteja nilivyovitafuta mpaka nikaenda kununua vingine Majengo. Asubuhi kuulizwa, akasema hizo mbegu ni hela, kule chekechea wanacheza duka. Vifungo je? Akasema hivyo ni za mia tano tano.

Tukienda kwenye feni ndo utajua nani anaumia. Tunayo moja, ile ya kusimama inayogeuza shingo, na sheria ya baba yao ni kwamba haisimamishwi upande mmoja, igeuke ili kila mtu apate. Sheria nzuri. Ila Babuu aligundua kwamba ikifika mwisho wa upande wa dada yake inakaa kidogo kabla ya kugeuka, upande wake haikai, na kuanzia hapo ikawa ni kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, umeona baba imekaa kwake! Nyemo akachora mstari wa chaki sakafuni, mpaka wa nchi na nchi. Kadogo hana nchi, yeye anafuata upepo, feni ikienda kulia anatambaa kulia, ikirudi anarudi, kwa hiyo anapita juu ya matumbo ya wenzake usiku kucha. Mwisho wote tunaishia sakafuni sebuleni kwa sababu saruji ina ubaridi, vitanda viko wazi na neti zake zimening'inia, na mi najikuta nalala na kisigino cha mtu kwenye mbavu. Halafu luku inaisha saa tisa usiku. Kila mara ni saa tisa, sijui kwa nini haiishi saa mbili tukiwa macho na simu ina salio.

Kitu kingine ni bichi. Kwenye katuni zao watoto wa Ulaya joto likija wanaenda baharini na miwani ya jua na makopo ya kuchezea mchanga, basi na hawa wanataka bichi. Baba yao kwa sifa za kwao akawa amewaahidi, kwamba siku hizi si kuna treni ya umeme, tangu 2024 unapanda hapa asubuhi na mchana uko Dar umekaa unaangalia maji. Kweli treni ipo. Nauli ya watu watano kwenda kuangalia maji ndo haipo. Nyemo akauliza kwa hiyo Mtera je, si kuna bwawa, baba yake akasema Mtera kuna mamba, na Babuu akasema basi twende Mtera.

Wakajitengenezea ya kwao. Jirani anajenga, ana lundo la mchanga nje, wakachukua beseni langu kubwa la kufulia, wakalijaza maji ya dumu niliyoyatunza kwa sababu ni wiki ya mgao, wakatia beseni katikati ya mchanga, wakatafuta na cha kujifunika jua. Cha kujifunika jua ni kitenge cha mteja. Cha vikoba, cha harusi, wamama kumi wanavaa sare, nimeshakikata mikono! Wamekiloweka kwanza ndo wakakitandaza juu ya vijiti, maana Nyemo anasema kitambaa kikiloa hewa inayopita chini inakuwa ya baridi, na hapo sina ubishi, ndivyo mtungi wa bibi yao unavyopoza maji. Mwenye kitenge akatokea wakati huo. Nikamwona anatoka kwenye bodaboda nikatamani ardhi inimeze. Akasimama akaangalia, akasema, “Mama Nyemo, hicho si chetu hicho?”

Kabla sijafungua mdomo Nyemo akainuka na kumwambia, “Shikamoo mama, karibu bichi. Kiingilio mia mbili.”

Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye tofali. Kiingilio alilipa. Kitenge nilikifua, nikakipiga pasi, rangi haikutoka namshukuru Mungu, na siku ya harusi nilikuwa naangalia ile mikono tu kama kuna mchanga.

Mtu pekee anayeniona mjinga kwa haya yote ni mama yangu, yuko Bahi. Alikuja mwezi uliopita akakaa siku chache, wajukuu wakamwamkia mbukwenyi bibi maana ndo Kigogo pekee wanachokijua, akaingia ndani saa saba mchana, akatoka hapohapo. Akasema nyie mlikimbia tembe mkajengea bati, sasa mnalia nini. Na ukienda kwake ukaingia kwenye ile tembe ya zamani, ukuta mnene wa udongo, juu paa bapa la miti na udongo tena, mchana unasikia kabisa ngozi inapoa bila feni wala yuniti. Watoto tangu hapo wananiuliza kwa nini sisi hatuna nyumba ya udongo kama bibi, tumefilisika? Baba yao mwenye joto la Tanga alipoenda kule alilala mchana kutwa kama mgonjwa, tukamwamsha kula.

Kwa hiyo jibu langu la vitendo ni hilo, shule zikifunga Desemba wanaenda Bahi mpaka nimalize sare za watu. Mama amekubali wawili, Kadogo amesema nibaki naye mwenyewe, mafuta ya mgando kwake hayakai. Na Babuu atampokea kwa sharti moja, sweta libaki Dodoma. Tumempigia simu bibi, tukamweka Babuu aongee naye mwenyewe. Amesema atafikiria.