Jibu kwa mleta uzi: kuomba ratiba na nafasi ya kazi ndani ya ndege kwa kompyuta

Mleta uzi, umesema uko kaunta pale KIA, greencard imetoka, shirika moja la ndege la Marekani limekuita kwenye mafunzo ya uhudumu wa ndani ya ndege, na mtu amekutisha kwamba kila mwezi utakuwa "unabidi" ratiba (kutoka Kiingereza bid, yaani kuiomba) kwenye kompyuta. Umeuliza mambo mawili: hiyo programu inafanyaje kazi, na uandike nini ili upangwe mlango wa mbele usipelekwe jikoni nyuma. Waliotangulia wamekujibu kwamba ni kujuana, tafuta mtu wa ofisi ya ratiba. Wakuu, mnampoteza mtoto wa watu. Nimefanya kazi hiyo miaka minane, kituo changu Chicago, nikaanza 2015. Sasa nipo nyumbani Moshi nafuga kuku. Nitajibu kwa urefu kwa sababu mimi nilijifunza kwa kuumia.

Kwanza hilo la kujuana. Atakayekupangia ratiba ni programu, na programu haijui wewe ni mtoto wa nani. Inaangalia hasa vitu viwili: namba yako ya ukongwe kazini, na mistari ya maombi uliyoiandika, kwa mpangilio ulioiandika. Ukiwa na mjomba ofisini atakusaidia kupata chai.

Mtu aliyekulia mlimani atanielewa haraka nikisema ni mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yanatoka mtoni huko juu, wa kwanza anafungulia kihamba chake, akitosheka anafunga, yanashuka kwa wa pili. Wewe uliye chini karibu na lami unapata yaliyopita. Hakuna anayekuchukia, na huwezi kupiga kelele wa juu afunge kabla hajamaliza. Unachoweza ni kujua yanafika kwako saa ngapi na kupanda kinachokubali maji hayo. Kuomba ratiba ni hivyo hivyo. Kila mwezi shirika linatengeneza mizunguko, yaani safari zinazoanza na kuishia kituoni kwako, za siku moja mpaka nne au zaidi. Programu inamchukua mkongwe namba moja, inasoma mistari yake kutoka juu kwenda chini, inamjazia mwezi wake, kisha inahamia kwa namba mbili. Mpaka inafika kwako, Honolulu imekwisha na Krismasi imekwisha.

Ukongwe wenyewe unahesabiwa kuanzia siku ya kuajiriwa. Sisi tulihitimu darasa moja siku moja, kwa hiyo walitupanga kwa umri, mkubwa mbele. Nilikuwa na miaka 24, nikawa wa tatu kutoka mwisho. Mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule, umri umekwenda, akawa wa kwanza. Tofauti ile haikufutika mpaka naondoka, yeye mbele, mimi nyuma, mwezi baada ya mwezi.

Halafu kuna jambo ambalo hawatakuambia kwenye usaili: miezi yako ya kwanza, pengine miaka, huenda hutaomba safari kabisa. Utakuwa rizevu. Unakaa na simu, wakikuita unakwenda. Ukiwa rizevu, unachoomba kwenye programu ni siku za kupumzika tu, na hata hizo unapata Jumanne na Jumatano wakati wenzako wako harusini. Kwetu rizevu alilipwa saa 75 za uhakika kwa mwezi, aitwe asiitwe, kwa hiyo njaa hakuna. Ila usipange kitu.

Ukishatoka rizevu ndipo mistari inaanza kuwa na maana, na hapa nilifanya kosa ambalo naona kila mgeni analifanya. Niliandika nilichokitaka. Mistari 23! Nataka kulala Honolulu, nataka San Diego, sitaki kuondoka kabla ya saa nne asubuhi, sitaki Jumapili kwa sababu ya ibada, nataka nafasi ya mbele. Niliona nimeandika kwa akili sana. Programu ikasoma mstari wa kwanza: zimekwisha. Wa pili: zimekwisha. Ikafika wa 23 haijaniwekea hata saa moja, na mwezi lazima ujae (kwetu ilikuwa kati ya saa 70 na 90), basi ikanijazia yenyewe kwa mabaki. Niliamka saa tisa usiku karibu mwezi mzima.

Baadaye kaka mmoja Mfilipino, kazini miaka mingi, alikaa na mimi kwenye chumba cha wahudumu akanifundisha kuandika kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio wa kwanza kuufikiria, akasema. Jiulize: kati ya mabaki, yapi nayavumilia? Mimi naweza kuruka usiku, siwezi kuamka alfajiri. Kwa hiyo mstari wangu wa mwisho ukawa: safari yoyote inayoondoka baada ya saa nane mchana, popote, nafasi yoyote. Juu yake nikaweka kinachopendeza kidogo zaidi, na juu kabisa nikaacha ndoto mbili tatu, maana haigharimu kitu kuomba. Wakongwe wengi wanakimbia safari za usiku wa manane, na mimi hapo ndipo nikaanza kupata ninachoomba, kwa sababu nilikuwa naomba wasichotaka. Waswahili tulikuwa wawili kituoni, tukawa tunacheka kwa Kiswahili chetu: kabla ya tarehe ya mwisho unabidi, baada ya tarehe imekubidi.

Na soma ripoti. Matokeo yakitoka, programu inakupa maelezo ya kila mstari, kwa nini umepewa au umenyimwa: imechukuliwa na mwenye ukongwe zaidi, inagongana na likizo, inavunja mapumziko ya kisheria. Hilo la mwisho halina mjadala, kanuni ya Marekani iliyotoka 2022 inataka mhudumu apumzike saa 10 mfululizo kati ya zamu na zamu. Watu wanaangalia ratiba wanasonya wanafunga. Mimi nilikuwa naisoma ripoti kama barua ya mchumba. Ndimo unamogundua kwamba safari fulani ilikupita kwa watu wawili tu, maana yake mwezi ujao iombe tena, wakati nyingine ilikuwa imekwisha kabla hata ya nusu ya orodha, achana nayo.

Sasa nafasi ndani ya ndege, ambayo ndiyo uliyouliza hasa.

Sheria kule inahesabu wahudumu kwa viti: ndege ya viti 160 lazima iwe na wahudumu wanne angalau. Kwetu kila mzunguko wa Boeing 737 ulionekana kwenye programu ukiwa na nafasi 1 mpaka 4, na kila nafasi ilitolewa peke yake kama vile ni safari nne tofauti. Nafasi si mahali pa kusimama tu na toroli. Kila nafasi ina kiti chake, mlango wake, vifaa vyake vya kukagua kabla abiria hawajapanda. Ndege ikitaka kuthibitishwa, lazima ionyeshwe kwamba watu wote wanatoka kwa sekunde 90 kwa nusu ya milango, kwa hiyo mambo ya nani yuko mlango gani hayafanyiwi mzaha.

Nafasi 1 ndiye mkuu wa wahudumu: makaratasi, matangazo, kuongea na rubani, kuamua ugomvi wa mizigo ya juu. Inalipa nyongeza kidogo kwa saa. Wewe unaitamani kwa sababu ukiwa abiria unamwona yule dada mlangoni anasema karibu, sare imenyooka. Ngoja nikuambie: kwenye ndege ndogo kituoni kwetu wakongwe wengi waliikwepa. Hawataki kutangaza, hawataki kuandika ripoti abiria akilewa. Walichukua nafasi za nyuma, wanavuta pazia, wanapiga soga. Kwa hiyo mgeni aliyefuzu mafunzo ya ukuu aliipata namba 1 bila jasho, mara nyingine bila kuiomba. Kwenye ndege kubwa za kuvuka bahari ni kinyume. Jiko la daraja la juu huko lilikuwa la wenye miaka 25 kazini, kwa sababu unapanga vyakula na hutembei njia nzima na toroli. Hapo hata usijisumbue. Kwako inaweza kuwa tofauti, angalia nani anakaa wapi miezi yako ya kwanza kabla hujaandika kitu.

Hesabu yake ni hii. Ukiandika "nataka mzunguko huu" bila kutaja nafasi, una nafasi nne za kuupata. Ukiandika "nataka mzunguko huu, nafasi 1 tu", umejifungia milango mitatu. Mkongwe anaweza kuchagua hivyo. Wewe chini ya mfongo, weka mstari wenye nafasi unayoipenda, kisha rudia safari ile ile mstari unaofuata bila kutaja nafasi. Mistari miwili, umemaliza. Siku ya kazi mkikutana kwenye kikao cha kabla ya safari, kwetu mliruhusiwa kubadilishana kwa maelewano, mradi mkuu aandike nani yuko mlango gani. Nimewahi kupewa nafasi ya mbele kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na mafua sauti haitoki.

Njia ya pekee niliyoiona ya kupita pembeni ya foleni ni lugha. Safari nyingi za nje zina nafasi iliyotengwa kwa anayejua lugha ya kule, na hapo ukongwe unahesabiwa kati ya wanaoijua tu. Kiswahili hakikunifaa, shirika halikuruka kuja huku. Kilichoniokoa ni Kifaransa nilichosoma Alliance Française Arusha, nikipanda Coaster kutoka Moshi kila Jumamosi, baba analalamika nauli. Nilifanya mtihani mwaka wa pili, nikafaulu kwa kubahatisha, nikaanza kulala Paris wakati wenzangu wa namba yangu wako rizevu. Kama una lugha yoyote ya ziada, nenda nayo.

Mwenzangu aliyekuwa Ghuba aliniambia kwao hawafuati ukongwe namna hii, vikundi vinapokezana mwezi huu fulani wa kwanza, mwezi ujao wa mwisho. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa Dubai usiuchukue mzima mzima.

Desemba sitaisema sana. Wote mnajua Mchaga akikosa kwenda nyumbani Desemba inakuwaje. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa rizevu tarehe 24, nimekaa uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, na begi, nje theluji. Nikampigia mama. Akauliza, "Umemwomba mkubwa wako vizuri?" Nikamwambia mama, anayegawa ni kompyuta. Akasema, "Basi iombe hiyo kompyuta." Nilikuwa nakuja Januari, migomba imetulia, ndugu wote wamesharudi Dar, mama ananisimulia mbuzi niliyemkosa.

La mwisho ni saa, na hapa niliumia vibaya. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa sita mchana ya Chicago. Kipindi cha baridi hiyo ni saa tatu usiku kwetu, nilikuwa nimeandika hivyo kwenye karatasi ukutani kwa mama. Nikaja likizo mwanzoni mwa Machi. Masika yameanza, umeme unakatika jioni, nikasema nitaingia saa mbili na nusu, muda upo. Niliwasha intaneti ya simu saa mbili na robo, natafuta mtandao nje kwenye mvua chini ya mti wa parachichi. Dirisha limefungwa. Nikaona ni mtandao, nikazima simu, nikawasha. Limefungwa.

Wamarekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Tofauti yetu inapungua kutoka saa tisa kuwa nane, na saa sita ya Chicago inakuwa saa mbili usiku Moshi. Nilikuwa nimechelewa robo saa. Usipoomba, programu inatumia ombi lako la kudumu, lile unaloliweka mara moja likae akiba. Langu nililiandika nikiwa mgeni mwenye tamaa ya nyongeza ya ukuu: safari ndefu, kuondoka mapema, nafasi 1. Miaka mitatu sijaligusa. Na wakati huo nilikuwa nimeshapata ukongwe kiasi, kwa hiyo nilipewa nilichoomba, chote. Aprili nzima nikaamka saa tisa usiku kutangaza mikanda.

Kwa hiyo siku ya kwanza ukipewa nywila, kabla hujatafuta Honolulu, andika ombi la kudumu, na ulipitie kila baada ya miezi mitatu. Ukipata ripoti yako ya kwanza, futa jina na namba ya kazi, ibandike hapa, tutaisoma mstari kwa mstari.