Kubadilisha jina la mtoto hakutoshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika shule binafsi ya bweni hapa Tanzania, mwaka wa sita sasa. Chuo kimoja kimeniomba nifundishe jioni mbili kwa wiki. Nina madaftari yaliyojaa mashauri ya wanafunzi. Nikibadilisha majina, naweza kuyatumia darasani?

Jibu: Marahaba. Hongera kwanza, maana wanachuo wamechoka kufundishwa na watu ambao hawajawahi kubisha hodi nyumbani kwa mtoto mtoro. Ila jina ndilo dogo kuliko yote.

Muhula wangu wa kwanza wa kufundisha nilisimulia shauri la msichana niliyempa jina la Rehema. Nikataja kwamba baba ni fundi saa, mama anakaanga samaki karibu na stendi, na kaka mkubwa yuko jela. Kabla sijafika kwenye nadharia, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao si majirani zetu?" Darasa likacheka. Nikalifunga daftari.

Siku hizi huchanganya mashauri matatu manne yakawa moja, tena baada ya kuyaacha yapoe miaka kadhaa. Lakini usibadilishe ovyo. Mtoto akikosa shule kila Jumatatu kwa sababu ni siku ya gulio na anabeba mizigo ya watu, uhusiano wa siku ile na kipato cha nyumbani ndio somo lenyewe. Gulio ligeuze liwe siku ya boti kuleta samaki. Uhusiano ubaki palepale. Ukigeuza mpaka sababu, unafundisha ngano.

Idhini nayo ina utata wake. Mtoto alikubali kusaidiwa, hakukubali habari zake zitumiwe kufundishia. Utamwomba mzazi? Na pale ambapo anayetuhumiwa ni baba mwenyewe? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo madaftari hayo yakae kwenye kabati la shule lenye kufuli, yasipande daladala kwenda chuoni.

Kwangu mimi, somo kubwa halihitaji shauri la mtu. Ni ile sentensi ya kumwambia mtoto kabla hajafunguka. Vijana wetu hukimbilia kuahidi, "Siri yako iko salama," ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ahadi hiyo itavunjwa tu, na mtoto hatarudi tena ofisini kwako. Mimi huwaigizisha wawili wawili: "Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi nimwambie anayeweza kukulinda, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani." Wengi hujikwaa hapo mara tatu, sauti inakauka. Kipindi chako cha kwanza kimalizie chote hapo.