Si lazima kuwe na adui mkuu wa kuuawa mwishoni

Je, gemu zote za RPG, yaani zile unazoigiza mhusika na kusafiri naye katika dunia ya kubuni, lazima ziishe kwa kumuua mfalme wa giza? Hapana, si zote. Ultima IV, gemu ya kompyuta ya mtunzi Richard Garriott, ya 1985, haina adui mkuu kabisa. Kazi yako ni kukamilisha fadhila 8 (uaminifu, huruma, ushujaa na nyinginezo), kisha ushuke shimoni kukitafuta kitabu cha hekima.

Niliicheza hadi mwisho, na kilichonikaa kichwani ni yule kipofu anayeuza mitishamba ya uchawi. Anakutajia bei, wewe unaandika kiasi unachompa. Ukimpunja hasemi kitu, mzigo unachukua na unaondoka zako. Ila gemu imeshakuandikia, na uaminifu wako umeshuka kimyakimya. Alama zenyewe huzioni popote; mpaka uende kwa mzee mmoja kwenye kasri la mfalme umuulize umefikia wapi, naye anajibu kwa mafumbo. Kwangu mimi ukubwa wa gemu za aina hii uko hapo hasa: dunia inakumbuka ulichofanya ukidhani hakuna anayekuona. Michoro na wingi wa mapanga ni ziada tu.

Ila jiandae, imezeeka. Mapigano yanachosha, maongezi unaandika neno mojamoja kwa kibodi, na hakuna daftari ndani ya gemu, kwa hiyo weka kalamu na karatasi karibu. Mimi nilijaza kurasa na kurasa.